Mti wa Bundi na Mihuri Ishirini na Tatu

KIKAO CHA KAMATI YA MTAA WA KAMIYANAGI
Jumapili, 12 Mei 2019, saa 3:00 asubuhi, ukumbi wa mtaa

Waliohudhuria: Bw. Tadokoro (Mwenyekiti), Bi. Nishiwaki (Katibu), Bi. Hoshina na wajumbe wengine watano.
Mwalikwa: Mhandisi Kuzuhara, kiwanda cha feni.
Hakuhudhuria: Bw. Oda (mavuno ya chai).

KUMB. NA. 1/5/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwataka wajumbe wasipandishe sauti. Hakuna aliyekuwa amesema neno.

KUMB. NA. 2/5/2019: MTI NYUMA YA UKUMBI
Mhandisi alieleza kwamba feni yao isiyo na kelele ilitokana na kuchunguza bawa la bundi wa mti huo kwa miaka minne. Wageni wanaokuja kujifunza ni wengi, hivyo kiwanda kinahitaji maegesho, na mti utakatwa.

Bi. Hoshina, aliyempa Mhandisi manyoya yote aliyoyaokota, aliuliza nani karuhusu. Mwenyekiti alionyesha ubao wa matangazo unaopitishwa nyumba kwa nyumba: mihuri ishirini na tatu ya majina, mmoja kwa kila kaya; kwa hiyo kila kaya imekubali.

"Tumegonga mihuri kuonyesha tumesoma tu," alisema Bi. Hoshina. "Na tangazo la takataka niligonga. Kwa hiyo nami ni takataka?"

"Bibi, wa kwako ni huu hapa, mwekundu kabisa."

"Tadokoro, nimekujua tangu unatambaa. Usinifanye mjinga."

Katibu aliweka wazi kwamba tangazo aliliandika yeye, na halikuomba ridhaa ya mtu. Wajumbe saba kati ya wanane waliazimia mti usiguswe.

KUMB. NA. 3/5/2019: MENGINEYO
Saa 4:40 msumeno wa mota ulisikika nyuma ya ukumbi. Mhandisi alitazama saa yake, akasema mafundi walishapangiwa leo. Mwenyekiti hakushtuka, na Katibu anataka hilo lijulikane. Wajumbe walitoka mbio. Mti ulikuwa chini.

Bi. Hoshina aliuliza vifaranga watatu wa bundi waliokuwa kwenye kiota wako wapi. Mhandisi alijibu, "Usiwe na wasiwasi, mama. Manyoya yao tutayahifadhi vizuri."

KUMB. NA. 4/5/2019: KUFUNGA
Mwenyekiti aliagiza jibu hilo lisiandikwe. Limeandikwa. Kikao kilivunjika saa 5:05.

Mwenyekiti: (amekataa kutia sahihi)
Katibu: Nishiwaki Fumie