Siafu Bandani kwa Chiriku

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Olmotonyi. Mvua imekatika tangu mchana lakini mlima umejifunika, na mimi sina hamu ya kuonana na mtu.

Leo nimeua. Nimeua kwa maji ya moto, kwa moto wenyewe na kwa visigino, na walipokwisha nilitamani wangekuwepo wengine niendelee.

Nilikuwa na chiriku kumi na tisa kwenye banda la waya nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Wamebaki watatu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia kelele ambazo hazikuwa za kuamka. Chiriku wakiamka huchangamka, kila mmoja na lake. Hizi zilikuwa kelele za kuchinjwa. Nikatoka peku, na kanga moja. Kabla sijafika kwenye mlango wa banda siafu walishanipanda mapajani. Nguzo zilikuwa nyeusi na zinatembea. Ndege wengine walijipigiza kwenye waya mpaka damu, wengine walikuwa chini wamefunikwa, bado wanatikisa bawa. Siafu huanza na macho. Nilikuwa sijui, sasa najua.

Nikapiga yowe, Yeyo akatoka. Yeyo ni mama yangu, naishi naye tangu baba afariki. Hajawahi kuwapenda hawa ndege. Husema mtu mzima kufuga kitu kisicholiwa ni kujitafutia kazi. Lakini ndiye aliyewasha majani makavu ya mgomba, akaingia bandani na moto mkononi, akaunguza nguzo moja baada ya nyingine. Mimi nikachukua sufuria la maji ya chai lililokuwa likichemka jikoni, nikalimwaga lote kwenye msafara wao.

Nilikuwa nimetundika kibuyu kiwe kiota, na humo Bibi Harusi, jike langu la kwanza, alikuwa na makinda manne. Yeyo akaingiza mkono. Ulitoka umejaa siafu mpaka kwenye kiwiko, na Bibi Harusi kiganjani. Hakuwa ameruka. Alikuwa amewakalia wanawe mpaka siafu wakamla.

Hapo wazimu ukanipanda.

Msimu wa mvua, kila jioni Yeyo huchota majivu ya jikoni akalizungushia banda, maana siafu hawavuki majivu makavu. Leo hayakuwepo hata kidogo.

"Majivu yako wapi?" nikamfokea. "Kazi moja tu, Yeyo! Moja!"

"Jana nilichoka, mwanangu. Sikuongeza. Nilidhani ya juzi yatatosha."

Nikamsukuma.

Mama yangu mzazi, miaka sabini na kitu, nikamsukuma kwa mikono miwili. Akaangukia waya uliochomoza, ukamchana mkono wa kulia. Aliinuka mwenyewe. Sikumshika.

Baadaye, kanisani, mama mmoja wa jumuiya yetu akamuuliza kilichompata. "Waya wa banda," akajibu. "Nilikuwa naokoa ndege wa huyu mtoto." Hakuniangalia.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu. Jana jumuiya ilisali kwetu. Asubuhi, Yeyo akiwa jikoni anapika loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, ya wageni, mimi nilifagia uwanja wote, na mduara wa majivu nikaufagia pia. Niliona aibu mzee wa kanisa akute uchafu kuzunguka banda langu ninalojivunia. Nikajiambia wageni wakiondoka nitayarudisha. Wakaondoka, nikakaa na simu nikiweka picha za chiriku humu kwenye blogu. Mkazisifu sana. Nikasahau.

Nilikumbuka wakati uleule Yeyo anainuka kutoka chini. Nikanyamaza. Siku zote nimejitetea kwamba nina hasira za karibu, zinapita. Leo zilipita, na bado nikanyamaza.

Mchana nimezika kumi na sita chini ya mgomba. Yeyo akaja, mkono umefungwa kitambaa, akasimama karibu yangu.

"Nisamehe, mwanangu. Jana ningejikaza."

"Yameisha, Yeyo," nikamwambia.

Yaani nilimsamehe! Mimi!

Hivi ninavyoandika namwona dirishani. Ana beseni la majivu, anamwaga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukunjiki. Ndege watatu tu, na bado anazungusha banda zima, polepole, akirudia palipopungua.

Yeyo hasomi blogu. Ninyi nisiowajua mmejua kabla yake, na huo nao ni uoga wangu. Naweka simu chini. Naenda kumpokea hilo beseni, nimwambie kabla hajamaliza mduara.