Jarida Langu Limeshachukuliwa

Kisarawe, Jumanne

Dada Hajra,

Shikamoo. Hamjambo hapo Soga? Mimi nipo. Maua yangu ya karatasi yalipendeza kwenye harusi ya jirani, ingawa mkono ule alionivunja Jabiri bado haukunjiki vizuri.

Lile jarida la kazi za karatasi nililojiandikishia nilipokuwa bado naishi naye Mlandizi, nilishindwa kuliacha. Nikawaomba waniletee huku, dukani kwa Mwinyijuma. Sikujua kwamba ujumbe wao ungeingia kwenye simu ya Jabiri, kwa namba yake niliyoijaza wakati ule.

Jana nilipokwenda kulichukua, Mwinyijuma akacheka. "Kumbe una mume, Zena! Shemeji ameshakuchukulia. Kauliza unakokaa, nikamwelekeza."

Sikurudi chumbani. Nimejificha kwa Mama Faudhia, nyumba inayotazamana na yangu, na leo amenisindikiza polisi, wameandika maelezo yangu. Tuliporudi nilichungulia dirishani, nikamwona Jabiri amekaa kizingitini kwangu, anapekua kurasa taratibu kama mtu aliyefika kwake.

Anayekuletea barua hii ni mtoto wa Mama Faudhia. Njoo na shemeji Mfaume mnichukue, usije peke yako. Mama usimwambie. Atampigia Jabiri ili tupatane.

Mdogo wako anayekungoja,
Zena