Matofali Yanarudi Shimoni

Mjukuu wangu Neema,

Ulizaliwa katika kambi hii ya wakimbizi, huku milimani karibu na Makere, na ziwa hukuwahi kuliona. Ulilijua kwa mdomo wangu tu. Siku moja ukimenya mihogo uliniuliza, "Babu, ziwa lenu kule Kongo ni kubwa kupita shimo letu?" Nikacheka. "Shimo hilo hata bata wa kwetu wangelikataa." Ukasema, "Basi bata wenu walikuwa na maringo kama wewe."

Shimo letu. Tulilichimba mimi na baba yako mwaka uliozaliwa, tukafyatua matofali ya nyumba na ya jiko. Mvua ikalijaza, watu wakashukuru kupata maji ya kufulia karibu. Mama yako aliponiomba tulizungushie ua wa miti, nilimjibu mbele yako: "Mtoto wa ziwani hafi maji." Kwetu tulisema hivyo kwa sababu kila mtoto alifundishwa kuogelea kabla hajang'oka meno. Wewe nani alikufundisha? Nilidhani kuogelea kunarithiwa kama pua.

Ulipozama ukivuta ndoo, watu hawakuuliza habari za shimo. Waliuliza nani amekuroga. Wakamtaja jirani yetu mjane, yule aliyekuchomea mahindi, na tangu siku hiyo akawa anateka maji peke yake. Nina hasira nao. Karani wa kambi akaja na daftari, akaandika neno moja, "Ajali", akafunga daftari. Nikamwambia, "Hukuuliza kina cha shimo, hukuuliza kingo zake." Akanijibu, "Mzee, tumwachie Mungu kazi yake." Nina hasira naye pia. Mungu hakushika jembe.

Nikachunguza mwenyewe. Nilishuka na mti wa kupimia. Hatua mbili kutoka ukingoni, maji yalifika magotini; ya tatu, mti wote ukazama. Udongo unateleza kama sabuni, na hakuna pa kushika. Juu kidogo ya maji niliona mikwaruzo ya vidole vidogo.

Kuna swali jingine ambalo karani hakuuliza: nani alichimba? Nami nikanyamaza kwa kuwa sikuulizwa. Hasira yote iliyobaki ni yangu.

Juzi nilisimama mbele ya majirani, mlangoni pa yule mjane, nikasema, "Mama huyu hakumuua Neema. Mtoto amekufa kwa shimo langu na kwa kiburi changu." Mjane akanitazama, akasema, "Umechelewa sana, mzee." Kisha akaingia ndani, akatoka na karai.

Tumebomoa jiko. Matofali yanarudi yalikotoka, yeye na karai lake, mimi na mgongo wangu. Mama yako anapikia nje na halalamiki. Yasipotosha, kuta za chumba changu bado zimesimama, na mvua haijarudi.

Pumzika, Neema. Sitaacha mpaka kuku avuke pale bila kulowa miguu.

Ni mimi babu yako, niliyelichimba.