Paka Aliyechukuliwa kwa Utani

Kitete, Tabora,
14 Septemba, 1951.

Mpendwa mdogo wangu Alois,

Marahaba. Shikamoo yako niliisoma kwenye barua ya Pasaka na leo ndiyo naiitikia, usinune. Hujambo wewe na shemeji Paskazia? Siwema ameshaota meno? Kikohozi chako kimekuachia, au bado unakilea kwa upepo wa huko Dar es Salaam? Sisi huku wazima. Mama yuko Goweko. Goti linamsumbua akitaka kwenda kisimani, akialikwa arusini linapona.

Mvua bado, na vumbi limetujaa hadi kwenye chai.

Utaona nimeandika Kitete badala ya Kigoma. Usishtuke. Nimeachishwa kazi ya upishi kwenye mashua, na sababu ni paka. Afadhali uyasikie kwangu, maana hapa mtaani kila mtu ana habari yake na zote ni za uongo.

Yule Mzungu wangu, Bwana Pettifer, alistaafu reli, akafiwa na mkewe, akakataa kurudi kwao. Alinunua motaboti, akaweka ndani kitanda, jiko la mafuta ya taa, mimi, na paka wawili, Daisy na Kanali. Kazi yetu ilikuwa kutembea. Tulifuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, tukaingia kila ghuba. Hatuvui, hatuuzi, hatuhubiri. Watu wa ufukweni wakiuliza tunatafuta nini, niliwajibu: kitoweo cha paka. Wakamwita Bwana Nyau, naye akadhani ni jina la heshima.

Sikuichukia kazi ile. Pale Malagarasi inapoingia ziwani tulipanda na mto polepole, matete huku na huku, Kanali kakaa juu ya paa anatazama ndege asioweza kuwafikia. Kila tulipotia nanga mimi ndiye niliyeshuka kwanza kutafuta mchanga mkavu wa sanduku lao la haja, na watoto wa kijiji walinifuata wakidhani ni dawa. Ziwa likichafuka, Daisy hutapika, na Bwana humfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe. Mimi nilipotapika niliambiwa niinamie upande wa pili.

Basi, tuliporudi hadi Ujiji mashua ikavuja. Bwana akaenda Kigoma kufuata barua zake, nami nikamwita fundi Pazi aje kuziba. Huyu ni Mzaramo wa Kisarawe aliyelowea Ujiji, mtu mzima kuliko mimi, ana wajukuu. Tangu tujuane hatujawahi kusalimiana kwa adabu. Aliponiona tu: "We mpagazi wangu, bado hujafa?" Nami: "Nife vipi, na wewe mtumwa wangu hujanichimbia kaburi?" Akaziba tundu kwa pamba na lami, akasema chai yangu ni maji ya kuoshea sufuria, akainywa yote. Kisha akamtia Daisy kwapani. "Huyu nimemteka. Ukimtaka njoo umkomboe kwa tumbaku ya kwenu, ile kali." Nikamwambia, "Mchukue. Walau nyumbani kwako atakuwapo mmoja anayejua kunawa uso."

Akaenda zake anacheka, nami nikaendelea kumenya viazi. Mtani akikuteka mali humkimbilii siku ile ile, utaonekana umeshindwa. Nilipanga nimfuate kesho yake.

Bwana aliporudi akamkosa Daisy, alikaa chini kwenye ubao. Nilimweleza. Nikamwambia babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani, wakapita Uzaramo, wakagombana na wenyeji, wakapatana, na tangu hapo sisi ni watani. Mtani haibi, huchukua ili umfuate mkacheke. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Paka wangu si mtani wa mtu." Hapo, Alois, alikuwa na haki. Daisy alikuwa wa marehemu mkewe, na macho ya mzee yalikuwa yamejaa machozi. Nilimhurumia kwa kweli. Lakini kabla sijavaa viatu alikwisha kwenda polisi.

Pazi aliletwa kituoni kafungwa mikono, na askari nyuma kambeba Daisy, tumbo limejaa samaki wa ziwani, migebuka. Sajini alikuwa Mngoni, utani anaujua vizuri tu. Ila Mzungu amesimama mbele yake anasema mwizi. Sajini akanigeukia mimi: "Paka ameibwa au hakuibwa?" Ningetaja utani tena, Pazi angelala jela na wajukuu wake wakimngoja. Nikasema, "Hakuibwa, Afande. Nilimpa mimi amtunze, harufu ya lami inamtapisha."

Bwana akauliza kama niligawa paka wake bila ruhusa. Nikasema ndiyo, Bwana. Pazi akafunguliwa, nami nikaambiwa nikachukue mkeka wangu. Hakunitukana. Alimkumbatia paka wake akatoka.

Kazi hainiumizi sana. Nimesikia jikoni kwa mapadre Kipalapala wanataka mtu, na huko chakula hupikiwa watu.

Kinachoniuma ni hiki. Siku ya safari Pazi alikuja stesheni Kigoma na fungu la dagaa. Nilikuwa nimemwandalia matusi mdomo mzima. Akavua kofia, akanipa lile fungu kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, Bwana Modest. Mungu akulipe." Shikamoo! Mimi, mtoto kwake! Nikamwambia, "Nani kakufundisha adabu, mvivu wewe?" Alimtazama askari wa stesheni, akavaa kofia, akaondoka. Nimelia ndani ya treni, Alois, na dagaa mapajani.

Sasa nakutuma, na usilete uvivu. Nenda Kisarawe, umtafute kaka yake, mzee Kondo, anayechoma mkaa. Usibishe hodi. Kamata jogoo wake, mchinje uani pake, na mkewe akupikie. Wakikuuliza, waambie umetumwa na Modest Mnyamwezi, bwana wao, kwamba kuna mtumwa wake huko Ujiji ameanza kumwamkia, na asipoacha upesi tutateka hata milango yao. Najua mzee Kondo hatalala na neno hilo. Pazi lazima litamfika.

Nisalimie Paskazia, umbusu Siwema, na umwambie Ambrosi wa bandarini kwamba mama yake anamngoja. Dada Imakulata anakusalimu, anauliza kama kanisa la huko unalijua mlango. Mama anakuombea kila jioni. Mungu akulinde, akupe riziki isiyo na maneno.

Wako akupendaye, kaka yako,
Modest,
ambaye hajatukanwa na mtu tangu Ujiji.