Shimo la Havrylo

Winnipeg, 9 Septemba 1985

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi ni mzima, ila mikono yangu inanuka. Nyoka wetu wa mistari akishikwa na mgeni humwaga ule uvundo wake, na hapa maabara ya chuo kila mtu ni mgeni, hata mimi niliyezaliwa kando ya shimo wanamolala majira ya baridi. Wiki nzima wanasugua pua kwenye kioo hadi zinatoka damu. Hawaelewi kioo ni nini. Wanaona mwanga upande wa pili, basi wanaamini wakizidi kusukuma watafika. Nawadharau kidogo, na nawaonea wivu.

Shangazi Stefka ameniandikia. Anasema gari la Kondrat Pidhirny sasa linalala uani kwetu. Mama, Kondrat! Mwokota nyoka wa kuuza! Yule ambaye baba alimfukuza kwa uma wa nyasi, gunia likijongea lenyewe nyuma ya gari. Baba hajatimiza miaka miwili kaburini. Sitaki kujua huyo bwana anakula nini mezani pa baba. Niambie jambo moja tu: hatii mkono katika shimo?

Binti yako,
Solomiya

Chatfield, 20 Septemba 1985

Mwanangu Solomiya,

Salamu zako nimezipata. Afya yangu ni njema, asante kwa kuniulizia kwa sentensi moja. Nyoka nimeona wamepata aya nzima.

Stefka angekuwa na kazi asingepekua magari ya watu. Ndiyo, Kondrat anakuja. Ameziba paa la zizi lililokuwa likivuja tangu ukiwa shule ya msingi. Anakula pirohi zangu za unga na viazi na kusema, "Bi Yevdokia, hizi ungemwandalia askofu." Baba yako alizila maisha yake yote huku akichungulia dirishani.

Hao viumbe wako wamerudi kutoka kinamasini. Jua likiwaka wanalala juu ya mawe kuzunguka shimo, baridi ikipiga wanazama, kesho wanatoka tena, kama wageni wasiojua kuaga. Mmoja nilimkuta stoo ya chini, katikati ya viazi. Nimemtoa kwa fagio.

Kuhusu shimo, Kondrat ameapa mbele ya picha ya Mtakatifu Nikolai kwamba hatakanyaga pale bila idhini yangu. Umeridhika?

Mama yako

Winnipeg, 14 Oktoba 1985

Mama,

Salamu. Natumaini hujambo, na wote hapo hawajambo, isipokuwa mmoja.

Kiapo cha Kondrat nimemsomea mwenzangu wa chumba, akacheka hadi akamwaga chai. Ngoja nikueleze huyo mtu ni nani, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Theluji ikiyeyuka, madume hutoka kwanza. Hawana nyumba ya kujenga, hawana mtoto wa kulea, hata chakula hawatafuti. Wanajilaza mdomoni mwa shimo kumngoja jike anayetoka peke yake, na akitoka wanamwangukia wote hadi haonekani, tonge la nyoka linalobingirika kwenye matope, kila mmoja akimsugua kidevu mgongoni. Anayefanikiwa anamziba kwa utomvu ili wengine wakose. Kisha anarudi pale pale mlangoni kumngoja mwingine.

Na kuna dume la aina nyingine. Anatoka chini akiwa baridi kama jiwe, hana nguvu, basi anatoa harufu ya jike. Wenzake wanamkumbatia, anapata joto lao la bure. Akishapata moto, harufu inakwisha na anakwenda zake.

Paa la zizi, Mama, ndiyo hiyo harufu.

Binti yako,
Solomiya

Chatfield, 11 Novemba 1985

Solomiya,

Hatujambo sote. Theluji imeanguka mapema.

Umeandika ukurasa mzima wa uchafu ukauita elimu. Nilimsomea Kondrat. Akasema, "Huyu binti amewahi kushikwa mkono na mtu kweli?" Nikamwambia anyamaze, lakini nilicheka, bora ulijue hilo.

Amenichumbia na nimekubali. Tunasubiri Kwaresima ipite, tufunge ndoa Jumamosi tarehe 17 Mei. Utakuja. Utabeba mkate wa harusi, kama binti yeyote ambaye mama yake yu hai.

Mama yako

Winnipeg, 12 Desemba 1985

Mama,

Leo maabara imeletewa gunia la nyoka kutoka kwa mfanyabiashara anayeuza wanyama vyuoni. Wa chini walikuwa wamekufa kwa uzito wa wenzao. Kazi yangu ni kuwatenga wazima. Nikamgeuza mmoja tumbo juu, nikaona magamba yaliyokatwa pembeni, karibu na mkia, yamepona vizuri. Nikamgeuza wa pili. Nikaketi sakafuni.

Huo ni mkasi wangu. Theluji ilipoyeyuka mwaka ule wa mwisho, baba aliwashika na mimi nikakata, ili tujue nani anarudi na nani harudi. Mpangilio ule wa kukata niliubuni mwenyewe. Hakuna nyoka mwingine duniani aliye nao isipokuwa wa shimo letu.

Basi Kondrat amekuibia uani mwako, chini ya pua yako, huku mdomo wake umejaa pirohi. Sijui nimdharau nani zaidi, mwongo au mwanamke aliyemwamini kwa sababu amejua kupigilia misumari. Mfukuze kabla ya Krismasi. Akiwa bado yupo sitakaa naye meza moja.

Solomiya

Chatfield, 10 Januari 1986

Solomiya,

Kristo amezaliwa. Usiku wa Krismasi kiti chako kilikuwa kitupu, na kingine tulimwachia marehemu baba yako kama desturi, kwa hiyo mlikaa pamoja, kama kawaida yenu.

Kondrat hakuvunja kiapo. Aliapa hataingia bila idhini yangu, nami nikampa idhini. Yeye aliwazoa, mimi nikashika mdomo wa gunia.

Sasa acha kulia unisikilize. Kila mwaka theluji ikiyeyuka na shamba likingoja mbegu, baba yako alibeba kiti chake kwenda shimoni. Majirani wakisema, "Havrylo amekwenda kanisani kwake." Ulipoanza kutembea akakuchukua na wewe. Mimi nilikuwa zizini, mkono wangu ndani ya ng'ombe hadi kiwiko, navuta ndama aliyegeuka. Nikitoka nje kunawa, nilichokiona ni migongo yenu miwili. Hamkuniita hata siku moja mkaniambia, njoo uone huyu. Gunia lilipokuwa linajaa, nilihisi kama mtu anayefagia nyumba aliyoihamia zamani na hajawahi kuifagia.

Halafu nikuulize, wewe unawafanyia nini huko? Kondrat anawatia guniani. Wewe unawachoma sindano na kuwafungua vichwa kutafuta tamaa inakaa wapi. Tofauti yenu ni koti jeupe. Asingepata mteja kama kusingekuwa na watu wasomi.

Mama yako

Winnipeg, 23 Machi 1986

Mama,

Umeuliza ninawafanyia nini, nitakujibu. Nusu yao tuliwaweka miezi yote hii kwenye giza na baridi, bila chakula, kama walivyo chini ya ardhi. Nusu tuliwaacha kwenye joto na minyoo tele. Wiki iliyopita nikawaingizia majike. Waliotoka baridini waliwehuka, wakawafuata hadi wakaanguka kutoka mezani. Wale wa joto walikuwa wanene, wazuri. Jike alipita juu ya migongo yao na hawakuinua hata kichwa. Waliendelea kusugua kioo. Profesa Lindal, msimamizi wangu, alifurahi sana. Mimi niliona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Wenye alama yangu hawajaguswa. Profesa aliwataka, nikamwambia midomo yao imeoza. Nimewaficha kwenye chumba cha baridi, nyuma ya masanduku matupu.

Harusini sitakuja. Siku hiyo hiyo, mkiwa kanisani, nitawarudisha shimoni, ili nisimwone yeyote kati yenu. Ungeshika lile gunia kwa njaa, ningekuelewa. Ulilishika kwa kuwaonea wivu nyoka. Sijui hata nimwambie nani jambo kama hilo.

Solomiya

Chatfield, 25 Mei 1986

Solomiya,

Natumaini barua hii imekukuta salama. Mimi ni mzima, na sasa ni mke wa mtu.

Padri alingoja, kwaya ikaimba wimbo wa kuingilia mara mbili, kwa sababu bibi harusi hakuwepo, na unajua alikuwa wapi. Nilikaa kwenye lile jiwe bapa mdomoni mwa shimo, nimevaa nguo zangu zote za harusi. Ulishuka garini na sanduku, ukaniona, hukusalimu. Uliwatoa mmoja mmoja kama mtu anayeweka mayai. Wakaenda moja kwa moja kwenye rundo la wenzao. Hakuna aliyegeuka kukutazama, nawe ulisimama pale ukingoja ageuke hata mmoja. Maisha yako yote, ni mara ya kwanza nimeuona uso wako ukiwa shimoni.

Nilikuwa nimeandaa la kusema. Wewe ukawahi. Ukaniambia, "Umemkanyaga mmoja." Nikainua mguu. Ukaondoka. Hilo ndilo neno nililopewa na binti yangu siku ya ndoa yangu.

Kanisani Kondrat alininong'oneza, "Viatu vyako vina nini?"

"Uvundo," nikamwambia. "Zoea."

Jumatatu nilichukua waya wa malisho na nguzo nikalizungushia shimo uzio, mikono yangu mwenyewe. Kondrat alikuja na gunia lake begani, majira ya kuwazoa ndiyo haya. Akasimama. "Mke wangu, unanizuia mimi?"

"Nakuzuia."

"Kwa ajili ya yule mtoto?"

"Yeye pia haingii," nikasema.

Na ndivyo ilivyo. Ukija Chatfield utaingia kwa mlango wa mbele na kula kwenye meza anapokula Kondrat, au usije. Kwenye uzio ule naingia mimi tu. Nyoka wanapita chini ya waya na kushika njia ya kinamasini, na sasa wamebaki wachache. Jana nilikaa humo hadi jua likatua. Usidhani nimewapenda. Ni wapumbavu kuliko nilivyofikiri, lakini angalau hawaniandikii barua.

Mama yako