Nusu Jua kwenye Mfuko wa Dawa

Kituo cha Afya,
Mtaa wa Mnara wa Maji,
Poço da Aroeira, Paraíba.
Jumapili, 18 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Zulmira,

Nibariki kwanza, ndipo nianze. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Curitiba? Mama ameniambia umenunua jiko la umeme la kuotea moto na unaogopa kuliwasha. Liwashe, tafadhali. Baridi hiyo haikuumbiwa mtu aliyezaliwa huku kwetu.

Sisi hatujambo. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei, na maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa wiki. Mama ameanza tena kutengeneza jibini na kuigawa kwa majirani bila kuulizwa.

Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka hoi. Uchovu wa kazi nyingi naujua, ukilala unapungua. Huu una aibu ndani yake. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si Mama: uliuguza wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na sisi madaktari unatujua.

Hapa kituoni tuko wanne: mimi, muuguzi Cleonice, msaidizi wake Gildásio, na Dona Ivonete, mhudumu anayezunguka nyumba kwa nyumba. Huyu ndiye anayejua nani kafiwa, nani kaacha dawa, na mbwa wa nani anang'ata. Mimi najua yaliyomo kwenye faili.

Kuna mzee anaitwa Seu Belarmino. Anaishi peke yake njia ya kwenda machimbo ya chokaa, ana sukari, na hajui kusoma. Dona Ivonete alimshonea mifuko miwili ya kitambaa, mmoja akautarizi jua na wa pili mwezi. Vidonge vya asubuhi vinakaa kwenye jua, vya usiku kwenye mwezi. Kwa miaka sita mzee hajakosea hata mara moja.

Julai nilimbadilishia dawa ya sukari. Nilimwambia ile ya zamani aiache, na hii mpya anywe nusu kidonge asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaita mgonjwa mwingine. Dona Ivonete siku hiyo alikuwa upande wa pili wa mto, wala sikukumbuka kumweleza. Mzee alichoshika ni neno asubuhi. Alifika nyumbani akatia vidonge vipya kwenye mfuko wa jua, pamoja na vile vya zamani, akawa anameza vyote, tena vizima.

Siku ya nne Dona Ivonete alimkuta sakafuni jikoni, jasho likimtoka na ngozi ya juu ya jicho imepasuka kwa kuanguka. Aliyeyusha sukari guru kwa maji kidogo, akampaka kwenye fizi huku akiita gari la wagonjwa. Shangazi, bila yeye ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Sasa sikia nilichofanya. Mzee alipoletwa, kituo kimejaa watu, nilimgeukia Dona Ivonete nikasema, "Vidonge vya zamani vinafanya nini humo mfukoni? Si ndiyo kazi yako hiyo?" Alinitazama, akatazama chini. Hakujibu kitu. Nami nikauona ukimya wake kuwa ni kukubali kosa.

Siku iliyofuata alivua kizibao chake cha kazi, akakikunja vizuri na kukiweka mezani kwa Cleonice. Alisema anakwenda kumsaidia dada yake kuuza unga sokoni.

Jioni Cleonice aliniletea faili la mzee. Nyuma ya karatasi ya vipimo palikuwa na kipande cha daftari kimebanwa, mwandiko wa Dona Ivonete: "Daktari, huyu hasomi. Dawa ikibadilishwa naomba niambiwe, nibadilishe na mfuko." Tarehe ilikuwa ya Machi. Nilikuwa nimeifunua karatasi ile mara tatu, maana saini yangu ipo mara tatu upande wa mbele.

Nikamuuliza Cleonice kwa nini hakuna aliyenikumbusha mkutanoni. Akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Mkutano gani, Daktari? Wewe unauliza 'kuna swali?' umeshasimama, na mkoba begani."

Ni kweli. Nimefanya hivyo miaka minne, na nilikuwa najisifu kwamba mikutano yangu ni mifupi.

Seu Belarmino alirudi kwake baada ya siku tatu, lakini akagoma kabisa kumeza dawa. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda chake, nikabembeleza. Akaniambia, "Binti, wewe ni mtu mzuri, lakini mimi dawa natiliwa na Ivonete. Akija yeye, nitameza." Sukari yake ilikuwa inapanda kila nikimpima, na Ivonete yuko sokoni anapima unga.

Nilitaka kwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, kimyakimya. Cleonice akanikata maneno: "Umemwaibisha mbele za watu, halafu radhi unampelekea jikoni?" Nilikasirika, Shangazi, nusura nimjibu vibaya. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi Jumatatu iliyopita Cleonice alimwomba aje, na wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, nilisema yote. Nilisema dawa nilibadilisha mimi, sikumwambia mtu, ujumbe wake haukusomwa, na aliyemwokoa mzee ni yeye. Kuna mama mmoja aliacha hata kunyonyesha ili asikie vizuri.

Dona Ivonete hakuniambia amenisamehe. Aliuliza tu, "Hiyo mpya ni nusu, sivyo? Sasa nusu namchoreaje?"

Akanipa kalamu nichore mwenyewe. Nikachora jua nikalikata katikati, na Gildásio akasema, "Hilo chungwa, Daktari." Watu wakacheka. Dona Ivonete akachukua kalamu, akavuta mstari wa kilima, akaweka nusu jua juu yake. "Linachomoza," alisema. "Hili atalielewa, huwa anaamka kabla yake." Alitwaa kizibao mezani, hakukivaa, akakishika mkononi na kwenda kwa mzee, njia ya machimbo. Alhamisi alikivaa.

Siku hizi mkutanoni nakaa, na nasema wa mwisho. Namuuliza kila mtu kwa jina lake anajua nini nisichokijua mimi. Siku ya kwanza walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Inachosha kuliko kupima wagonjwa arobaini, na sitakudanganya kwamba naipenda. Juzi Dona Ivonete alikuwa anaeleza habari za nyumba fulani, nikaanza kuinuka. Akasema, "Bado sijamaliza, Daktari." Nikakaa.

Ndipo nilipokukumbuka. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unarudi kutoka kazini, unakoroga maharage na kuisemesha sufuria: daktari angeniuliza, ningemwambia hivi, ningemwambia vile. Sisi watoto tulikuwa tunacheka tukidhani ni mchezo. Shangazi, kuna wagonjwa wangapi walikuwa ndani ya ile sufuria? Niandikie. Hata kama hao madaktari wamekwisha kufa, niambie mimi, nimekaa.

Msalimie mjomba Adauto na binamu Jussara, na umwambie mtoto wake picha ya punda imefika, iko ukutani kituoni. Mama anakusalimu, na Dona Ivonete, ambaye hamjaonana, anasema ukiwasha jiko usilisogeze karibu na pazia.

Mungu akulinde na akupe joto mpaka baridi hiyo iishe.

Wako, anayekupenda na anayengoja kukusikia,
Jacira