Dole Gumba la Mama Mkwe

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeishinda kompyuta. Mimi! Niliyeiacha shule kabla haijaniacha yenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Kuanzia mwezi ujao zahanati haitoi dawa bila alama ya kidole. Ndiyo sera mpya. Wanawasaka wagonjwa hewa, wale wanaochukua dawa kwa majina ya marehemu. Sawa, wawasake. Nikampeleka mama mkwe aandikishwe, maana yeye anaishi kwa sindano za sukari, na mke wangu alikuwa kazini.

Mama akaweka dole gumba la kulia kwenye kioo. Mashine ikalia kukataa. Akajipangusa, akaweka tena. Ikalia. Karani akamtuma akanawe. Akanawa. Wapi! Huyu mama amepasua kokoto maisha yake yote — mke wangu kasomeshwa na hizo hizo kokoto — vidole vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Karani akasema mashine haimuoni. Nikamwambia, "Dada, mimi namuona tangu siku niliyooa, hajanipa hata dakika ya kupumzika." Foleni nzima kicheko. Mama mkwe hakucheka. Hajawahi kunichekea.

Karani akasema jaribio la mwisho, likikataa aende makao makuu. Kisha akageuka kuwafokea waliokuwa wanasukumana mlangoni. Hapo hapo nikapenyeza dole langu chini ya mtandio wa mama. Tii! Taa ya kijani.

"Umeona, bibi?" karani akasema. "Ni kubonyeza vizuri tu."

Dole la kinyozi hilo! Limepakwa mafuta miaka nenda rudi, mistari imesimama kama matuta ya viazi. Njiani mama akaninong'oneza, "Mkwe, tumefanya nini?" Nikamwambia, tumefanya maendeleo.

Ijumaa, 4 Aprili

Dawa imetoka. Nilimshika mama mkono pale dirishani, mkwe mwema kabisa, dole langu likapita chini ya lake. Skrini ikaandika: mwanamke, miaka sitini na nane. Nimezeeka vizuri! Mfamasia akasema laiti wakwe wote wangekuwa kama mimi. Nikasema mabinti wa kuoa wasingetosha.

Chupa za dawa nimeziweka kwenye friji ya pale kazini, pembeni ya soda. Mteja kaniuliza hiyo ni soda gani. Ya wakwe, nikamjibu.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha fundi simu, redio ikatangaza. Zahanati ilikuwa kuonja tu. Sasa ni kila mwananchi, vidole vyote kumi, mwisho wa mwezi huu. Asiyeandikishwa laini yake ya simu inazimwa na leseni ya biashara inakufa. Na kumbukumbu zote zinaunganishwa, za zahanati humo humo. "Kidole kimoja, mtu mmoja," akasema msemaji, kwa sauti ya kuridhika.

Mkono wangu ukasimama.

"Vipi, bosi, ndiyo umemaliza?" fundi simu akauliza. Nikasema napima kwa macho. Nikamuuliza hivi hivi, kama soga: mashine ikikuta dole moja lina watu wawili? Akacheka. Akasema basi mmoja ni hewa, wanamfuta, mwingine anakwenda kutoa maelezo polisi. Nani anafutwa? "Mashine ndiyo inajua, kaka."

Nimemkata nyuma ya sikio. Mimi! Niliyenyoa mawaziri! (Mmoja. Alikuwa ameshastaafu. Lakini kichwa ni kile kile.)

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia mke wangu. Hakupiga kelele — ndipo nikaogopa kwelikweli. Alikaa kitandani, akasema nikisema ukweli mama atasimamishiwa dawa mpaka wachunguze. Nikikaa kimya, mashine itasema yenyewe. Kisha akaniuliza polepole, "Baba watoto, hivi ulidhani wataishia kwa wagonjwa?"

Nilidhani hivyo. Sikudhani kitu, kusema kweli. Nilitaka foleni icheke.

Mchana nikapita zahanati kiujanja. Kuna rafiki yangu, nikasema, vidole havisomeki, afanyeje? Mfamasia akasema asubiri makao makuu. Kuna mwashi mmoja anasubiri tangu Machi, naye ni wa sukari. Nikauliza anaendeleaje.

Akaendelea kupanga maboksi.

Jumapili, 18 Mei

Sikufungua kazi. Nilijifungia mle ndani na wembe mpya. Hesabu ilikuwa rahisi: kata ncha ya dole, liwe kovu tupu, mashine isiniulize neno. Ajali kazini. Pole, kinyozi. Mwandikeni kwa vidole tisa.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, kinachotazama kioo. Sura niliyoiona si ya mtu wa mizaha. Nikaweka wembe. Nikainuka kutafuta barafu kwanza, nikafungua friji.

Chupa mbili zimebaki.

Nikikata dole, nimemkata mama. Hili si dole langu tena, nimelibeba tu. Nikafunga wembe, nikaurudisha kwenye droo. Nimeona miji, nimelala mahabusu za nchi tatu nikawachekesha askari. Sasa naogopa kioo cha mashine, ukubwa wa kiberiti.

Jumanne, 20 Mei

Navaa glavu kutwa. Wateja wanasema nimekuwa wa kisasa. Kila akiingia mtu mwenye kitambulisho shingoni, naugeuzia mlango mgongo.

Ijumaa, 30 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi, ofisi ya uandikishaji. Naandika nisije nikakimbia.

Nilimkataza mama kuja. Akasema, "Mkwe, kokoto nimepasua mimi, hukupasua wewe." Amevaa nguo zake nzuri. Kwenye friji imebaki chupa moja.

Nilianza na mkono wa kushoto, utani mwingi, karani anacheka. Nikatoa vidole vinne vya kulia. Likabaki dole. Nikasema lina kidonda. "Nionyeshe." Dole lilikuwa zima kabisa! Nikaweka.

Haikulia. Haikuwaka kijani. Karani akatazama skrini, akanitazama mimi, akaigeuza skrini nisiione. "Kaa pale, baba." Akaingia ndani na kitambulisho changu. Hacheki tena.

Mama amechukua mkono wangu wa kulia — mbele za watu, mama mkwe wangu! — ameuweka mapajani pake, ameufunika na mtandio. Mkono wake ni mgumu, na mtulivu. Naandika kwa kushoto, mwandiko kama kuku kapita.

Ameniambia, bila kunitazama: siku ile uliposema maendeleo, nilicheka. Nilifika chumbani nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mlango umefunguka. Mkubwa wao, na askari nyuma yake. Ameshika karatasi. Anaita jina.

Si langu. Ni la mama.

Tunainuka wote wawili.